Bustani ni nini? Neno la harufu kati ya maneno ya ukuta

Nyumbani kwa bibi yangu, Pangani, hapakuwa na kitu kilichoitwa bustani. Palikuwa na uani. Ukipita ukumbini, ukaliacha jiko mkono wa kushoto, unatokea kwenye kiwanja kidogo cha mchanga kilichozungushiwa makuti. Kando ya birika la maji, mahali ambapo hapakauki kwa sababu kila anayechota humwaga kidogo, uliota mrehani, mchaichai, nanaa, na mwasumini mmoja uliouparamia ule ua wa makuti mpaka ukaufunika. Jioni bibi aliniita: "Mume wangu, hebu nenda uani unichumie mrehani." Nikirudi, vidole vinanukia mpaka usiku.

Shuleni nikafundishwa kwamba "garden" ni bustani, basi, tukaendelea na neno jingine. Miaka mingi baadaye, kazi ya kutafsiri ikiwa ndiyo inayonilisha, nimegundua kwamba jibu lile ni sahihi nusu tu. Neno la Waingereza na neno bustani hayakuzaliwa nyumba moja. Moja lilianza na ukuta, jingine lilianza na pua.

Tuanze na la Waingereza. "Garden" lilifika kwao kutoka Kifaransa cha kaskazini, baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Wafaransa nao walikuwa wamelitoa kwenye lugha za Kijerumani, ambako mzizi wake ulihusu kuzungushia, kuweka boma. "Yard" ni ndugu yake wa damu, ila lenyewe halikupita Ufaransa, lilikuwapo Uingereza tangu zamani. Neno lao la shamba la miti ya matunda, "orchard", limeibeba "yard" hiyo hiyo katika nusu yake ya pili. Hata "park" mwanzoni halikuwa uwanja wa watu kupunga upepo. Lilikuwa pori lililozungushiwa uzio ili wafalme na wakubwa wawinde humo. Kwa hiyo Mwingereza wa kale aliposema "garden" hakuwa anafikiria maua. Alifikiria mpaka: hapa ndani ni pangu, kule nje si pangu.

Kiswahili tunalo neno lenye tabia hiyo hiyo, nalo ni ua, wingi wake nyua. Ua ni ule uzio wenyewe, wa makuti, wa matete au wa miti, kisha ni eneo lote lililozungushiwa. Neno moja linashika kizuizi na nafasi kwa pamoja. Halafu kuna ua jingine, ambalo wingi wake ni maua. Hayana uhusiano wa maana, yamegongana sauti tu, na ni ngeli inayotuambia lipi ni lipi: ua umeanguka, ua limeanguka. Mtoto akilisikia la kwanza anakimbia kuzuia kuku wasitoke, akilisikia la pili haendi popote.

Waarabu wana maneno mengi zaidi, na karibu yote yamefika kwetu, mengine kwa mlango wa msikiti, mengine kwa mlango wa jiko.

Janna ndilo linalosikika zaidi katika mawaidha. Watu hulichukulia kama jina la Pepo peke yake, lakini kwa Kiarabu ni bustani ya kawaida kabisa, yenye miti. Mzizi wake una maana ya kufunika, kuficha: miti imesongamana mpaka ardhi haionekani. Mzizi huo huo umezaa jini, kiumbe asiyeonekana, na majununi, mtu ambaye akili yake imefunikwa. Nilipoambiwa mara ya kwanza kwamba bustani na jini ni watoto wa tumbo moja sikuamini, mpaka nilipokumbuka vile mwembe mkubwa unavyoitia giza ardhi iliyo chini yake saa sita mchana.

Hadiqa ndilo neno la kila siku kwa Waarabu wa leo wanapotaja bustani ya mji. Nalo mzizi wake ni kuzunguka. Mahali pa kutazamia simba na twiga wanapaita bustani ya wanyama, kama tunavyopaita sisi.

Firdausi ina safari ndefu kuliko zote. Chanzo chake ni lugha za Uajemi wa kale, neno lililoundwa kwa vipande viwili: kuzunguka, na ukuta. Mgiriki Xenophon, aliyekwenda Uajemi kama askari wa kukodiwa mwaka 401 K.K., alilitumia kueleza viwanja vya wakubwa wa Kiajemi vilivyojaa miti na wanyama wa kuwindwa. Karne ya 3 K.K., Wayahudi wa Alexandria walipofasiri maandiko yao kwa Kigiriki, walilichukua neno hilo kutajia bustani ya Edeni. Kutoka hapo likawa "paradise" kwa Waingereza. Kwa Waarabu likawa firdaus, ambalo limetajwa mara mbili katika Kurani, katika sura ya Al-Kahf na ya Al-Muuminun. Msichana wa Mombasa anayeitwa Firdaus anabeba jina lenye ukuta wa Waajemi ndani yake.

Na sisi tulipopaswa kulitaja neno hili katika dini zetu, Waislamu kwa Wakristo, wengi hatukuushika ukuta. Tulisema Peponi. Katika Biblia ya Kiswahili ya Union, Yesu anamwambia yule mhalifu msalabani kwamba leo hivi atakuwa pamoja naye peponi, ingawa Kigiriki pale kina neno lile lile la Xenophon. Pepo lina sauti ya upepo. Mimi nikilisikia sioni boma, naona mahali pa ubaridi, pa kupumua. Huo ni usikivu wangu tu, siupi cheo cha elimu, lakini sidhani niko peke yangu.

Lipo pia raudha, na hili silo la ukuta. Raudha ni bonde ambalo maji ya mvua hutuama, majani yakachipua. Katika nchi kame, raudha ni habari njema. Mtume alisema kwamba kati ya nyumba yake na mimbari yake kuna raudha miongoni mwa raudha za Peponi, na mpaka leo wanaokwenda Madina huomba wapate nafasi ya kuswali hapo. Wingi wa neno hili ndio jina la mji mkuu wa Saudi Arabia, Riyadh, yaani mabustani. Na ndio jina la Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ambako maelfu hukusanyika kila mwaka kwa Maulidi. Anayetembea kwenye mchanga wa Lamu kuelekea Riyadha anaelekea bustanini, kwa lugha.

Sasa bustani yenyewe. Tumelipokea kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Waajemi. Bu ni harufu, stani ni mahali, stani ile ile iliyo katika Pakistani na Afghanistani. Bustani ni mahali pa harufu. Hakuna uzio hapo, wala mpaka, wala mwenye kiwanja. Waarabu wengi leo hulitumia zaidi kwa shamba la miti ya matunda. Sisi tumelipanua: bustani ya mboga, bustani ya maua, bustani ya wanyama.

Kupanua huku kuna gharama yake. Nairobi kuna Uhuru Park, kiwanja kikubwa cha kupumzikia kando ya katikati ya jiji, na kuna Uhuru Gardens, njia ya Lang'ata, ambako bendera ya Kenya ilipandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963. Ni mahali pawili, mbali na mbali. Katika Kiswahili zote mbili zinaweza kuwa Bustani ya Uhuru, na msikilizaji wa redio abaki kubahatisha. Ndiyo maana baadhi ya watangazaji husema "bustani ya Uhuru Park". Wapo wanaowacheka kwa kurudia neno. Mimi nawaunga mkono, wanamsaidia msikilizaji.

Na shamba je? Watu husema tofauti ni ukubwa, lakini haitoshi. Waridi za Naivasha hukuzwa chini ya paa za plastiki, zikakatwa, zikapelekwa Ulaya kwa ndege, na hakuna anayesema bustani za Naivasha. Ni mashamba ya maua. Mkulima wa mchicha kwenye bonde la mto Dar es Salaam, anayeshinda na keni mbili za kumwagilia, mchicha wake unakwenda sokoni kila asubuhi, lakini yeye anasema anakwenda bustanini. Wote wawili wanauza. Kwa ninavyosikia mimi, shamba hupimwa kwa ekari na bustani huhesabiwa kwa matuta. Bustani ni pale ambapo mtu anayajua matuta yake moja moja, lipi limekauka na lipi limevamiwa na wadudu.

Chukua keni ile ya kumwagilia uitazame kwa karibu, kwa sababu pale bondeni lugha zote zimekutana. Keni, reki na toroli ni za Kiingereza, na kabichi na karoti zimekuja kwa mlango huo huo. Samadi ya ng'ombe anayoitandaza ni neno la Kiarabu, na bamia na figili zinazomea kando pia. Lakini anachofanya mchana kutwa, kulima, kupanda, kupalilia, kumwagilia, kupogoa, kuvuna, ni Kibantu. Wageni walituletea majina ya vitu. Kazi tulikuwa tunaijua.

Harufu ndizo zilizobaki na Waarabu na Waajemi: asumini, waridi, rehani, marashi. Bibi alizisokota pamoja katika kikuba, akakifunga kwa uzi, akakichomeka kifuani jioni kabla ya kwenda harusini. Hilo birika lililokuwa likiunywesha mrehani wake nalo ni la Kiarabu, birka, bwawa au tangi la maji, na halina undugu na birika la chai, ambalo limetoka kwenye ibriki. Yamegongana kama ua na ua.

Neno moja tumeliacha lipotee, na linaniuma: kiunga. Hapo zamani kiunga kilikuwa shamba la miti ya matunda pembezoni mwa mji, minazi na miembe na michungwa, mahali ambapo watu wa mjini walikwenda kupumzika. Leo limebaki katika taarifa za habari, "viungani mwa jiji", likiwa na maana ya kando ya mji tu, hata kama pamejaa karakana na maghala. Miti imeondoka, neno limebaki na mahali. Nikikutana na "orchard" katika kitabu, naandika kiunga, na mhariri akiniuliza namweleza.

Kwa "garden" siku hizi sina jibu moja. Ikiwa ni ya mboga na ina matuta, ni bustani. Ikiwa ni ya serikali, yenye viti na vijia, ni bustani pia. Lakini mwandishi wa Kiingereza akisema kwamba mtoto anachezea nyuma ya nyumba yao, London, ndani ya uzio wa mbao, karibu na kamba ya kuanikia nguo, na mama anamwita kupitia dirisha la jiko, basi hapo mimi naandika anacheza uani.