Alex Smith, kotabeki asiye na pete: tunayodhani na yaliyotokea

Kila Februari, saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, wapo wachache wetu wanaokesha kutazama Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, ambayo washindi wake huvishwa pete. Asubuhi wanafika kazini wakipiga miayo, na ubishi unaanza: nani kiongozi wa kweli katika mchezo ule? Mmoja atamtaja mwenye pete saba, mwingine atamtaja yule anayefoka hadi mishipa ya shingo inamtoka. Mimi namtaja Alex Smith, aliyestaafu mwaka 2021 bila pete hata moja baada ya kuzichezea San Francisco 49ers, Kansas City Chiefs na Washington. Huwa nachekwa. Wanaonicheka wana hoja zao, na karibu zote nimezisikia.

Dhana: Kotabeki ndiye timu, wengine kumi wanamsindikiza

Asiyeujua mpira wa Kimarekani amfikirie kiungo mchezeshaji ambaye kila shambulizi linaanzia mikononi mwake. Kati ya shambulizi moja na jingine kwa kawaida kuna sekunde 40. Kocha anamwambia kotabeki mpango kupitia spika ndogo iliyo ndani ya kofia yake, na zikibaki sekunde 15 sauti inakatwa. Kuanzia hapo amebaki na wenzake. Awapange, awasome wapinzani, na akiona mtego abadilishe kila kitu kwa kupaza sauti katikati ya makelele ya uwanja mzima.

Mbele yake wamejipanga watu watano ambao karibu hawafungi kamwe na majina yao hayaimbwi. Kazi yao ni kuwazuia majitu ya kilo 130 yasimfikie. Hao watano wakiacha kumwamini, hata awe na mkono wa dhahabu, mchana kutwa atakuwa anaokotwa chini.

Dhana: Smith alikuwa chaguo la kwanza, akashindwa, akapokonywa namba

Nusu ya maneno hayo ni kweli. Mwaka 2005 49ers walimchagua kabla ya kijana mwingine yeyote aliyetoka chuoni, na Aaron Rodgers, kotabeki aliyekuja kuwa nyota, akasubiri hadi nafasi ya 24. Miaka ya mwanzo ya Smith ilikuwa mibaya, na mashabiki wa nyumbani walimzomea.

Kinachosahaulika ni kwamba karibu kila msimu aliletewa kocha mpya wa ushambuliaji, na kila kocha alikuja na msamiati wake. Mpango uliouhifadhi mwaka jana kwa jina moja, mwaka huu unaitwa jina jingine kabisa. Kocha Jim Harbaugh alipoichukua timu mwaka 2011 mambo yakatulia, na Januari 2012, dhidi ya New Orleans Saints kwenye mtoano, Smith alimrushia Vernon Davis pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 9. Ikaisha 36-32.

Msimu uliofuata alikuwa moto zaidi. Dhidi ya Arizona, mwishoni mwa Oktoba, alirusha pasi 19 na 18 zikafika. Mchezo uliofuata, dhidi ya St. Louis Rams, akapata mtikisiko wa ubongo. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini alirusha pasi ya tachidauni, yaani ya kufunga, kabla ya kutolewa. Kotabeki wa akiba, Colin Kaepernick, akaingia, akang'ara, na namba haikurudi tena kwa Smith. Timu ikafika fainali, ikafungwa na Baltimore Ravens 34-31, naye akiwa benchi.

Wapo wanaompamba kwa kusema hakuumia moyoni. Si kweli, na sipendi anapogeuzwa malaika. Alisema waziwazi kwamba kosa pekee lililomponza ni kupata mtikisiko huo. Kisha akaendelea kuingia vikaoni na kumsaidia kijana aliyekuwa amevaa viatu vyake. Mtu anaweza kuwa na kinyongo na bado akafanya kazi yake.

Dhana: Kutanguliza timu ni kumwachia mwenzako kiti

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana inamfanya mtu mkarimu aonekane mnyonge.

Aprili 2017 Smith alikuwa kotabeki wa Kansas City, msimu wake wa tano pale. Siku ya kuchagua vijana, klabu ilipanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 10 kwa kubadilishana na wenzao, ikamchukua kotabeki mwingine, Patrick Mahomes. Huhitaji kuambiwa maana yake. Mwajiri wako akimleta kijana wa miaka 21, akaweka meza yake jirani na yako na kukuomba umwelekeze, unajua siku zako zinahesabika.

Hakuna sheria iliyomlazimisha Smith kumfundisha mtu. Ligi ile imeona wakongwe kadhaa waliofunga mlango wakasema kijana atajifunza mwenyewe. Smith aliuacha wazi. Mahomes amesema mara nyingi kwamba kwa kumtazama Smith alijifunza jinsi ya kuijaza wiki nzima ya kazi kabla ya mchezo mmoja: saa za kutazama video za wapinzani, kusoma mabeki wanavyosimama kabla mpira haujaguswa, kufika kikaoni ukiwa na maswali tayari. Ni mambo ya chumbani na projekta, na hayana shangwe.

Lakini kiti hakukiachia. Mchezo wa kwanza wa msimu huo, ugenini kwa mabingwa New England Patriots, alirusha tachidauni 4 na Chiefs wakashinda 42-27. Kwa miaka walikuwa wakimsema ni mtu wa pasi fupi fupi za woga. Mwaka huo alimaliza na tachidauni 26, mipira 5 tu ikanaswa na wapinzani, akaongoza ligi nzima kwenye kipimo cha ubora wa warushaji. Ulikuwa msimu bora wa maisha yake, na aliucheza huku mrithi wake akimtazama. Mahomes alianza mchezo mmoja tu, wa mwisho, Denver, siku ya mkesha wa mwaka mpya, wakati timu ilikuwa tayari imejihakikishia nafasi ya mtoano.

Baada ya hapo Smith akauzwa Washington. Mwaka 2018 Mahomes alirusha tachidauni 50 na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi.

Dhana: Mwenye kuipenda timu hadai pesa

Mkataba wa Washington ulimhakikishia dola milioni 71. Alisaini, na sioni aibu hapo. Hata mchezaji mwenye moyo safi kuliko wote anaingia uwanjani na mwili uleule mmoja.

Dhana: Aliporudi baada ya kuvunjika, klabu ilikuwa inamngoja

Novemba 18, 2018, wachezaji wawili wa Houston Texans walimwangukia na mifupa yote miwili ya muundi wa kulia ikavunjika, mmoja ukatoboa ngozi. Washington walifungwa 23-21. Joe Theismann, kotabeki wa zamani wa klabu hiyohiyo, alikuwa uwanjani akitazama; mguu wake ulivunjika tarehe hiyohiyo mwaka 1985, katika mchezo ulioisha kwa mabao hayohayo.

Mguu ukaingiwa na bakteria wanaokula nyama. Madaktari walifikiria kuukata. Badala yake alipasuliwa mara 17, msuli ukatolewa paja la kushoto kuziba pengo la kulia, na mazoezi ya kutembea akayafanya San Antonio, kwenye kituo cha jeshi kinachohudumia askari waliolipuliwa kwa mabomu. Februari 2020, wakati Mahomes anaifunga 49ers na kubeba kombe, Smith hakuwa amerudi hata mazoezini.

Alipotaka kurudi, klabu haikuwa na hamu naye. Mwenyewe alikuja kulisema hilo hadharani. Oktoba 11, 2020, mvua ikinyesha na jukwaani wakiwa wameketi watu wachache tu, mkewe Elizabeth na watoto miongoni mwao, kotabeki aliyekuwa akicheza akaumia na Smith akaingia. Muda si mrefu Aaron Donald, beki aliyekuwa akiogopwa kuliko wote katika ligi, akamrukia mgongoni. Mguu ukabeba uzito wa watu wawili. Wakaanguka, akanyanyuka.

Siku hiyo walifungwa 30-10. Ila katika michezo 6 aliyoanza msimu huo walishinda 5, wakaongoza kundi lao. Machi iliyofuata klabu ikamwacha. Aprili akatangaza kustaafu kwa video fupi, akasema kwanza anataka kutembea kidogo na mke wake, na kwamba watoto hawajui kinachowasubiri huko uani nyuma ya nyumba.