Nyumba uliyoiuza kwenye ofisi ya mtaa bado ina jina lako

Kumkwepa dalali si kosa. Kamisheni yake Dar es Salaam mara nyingi huanzia asilimia 5 na hufika 10, na kwa nyumba ya milioni 95 hizo si hela za soda. Kinachochosha ni kwamba wengi wakishamkwepa dalali, wanakwepa na ofisi ya ardhi.

Utasikia: "Tumeandikishiana serikali ya mtaa, mwenyekiti kagonga muhuri, nyumba imeshauzwa." Haijauzwa. Karatasi ile inaonyesha tu kwamba watu wawili walikaa mbele ya mwenyekiti wakakubaliana. Kama nyumba ina hati, Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 62, iko wazi: nyaraka ya uhamisho haihamishi milki mpaka isajiliwe. Kabla ya hapo, kwenye daftari la Msajili wa Hati mwenye nyumba ni wewe, na deni la pango la ardhi linaendelea kuandikwa kwa jina lako. Muuzaji husema hayo ni matatizo ya mnunuzi. Sawa, ila mnunuzi huyo atakutafuta miaka 6 baadaye umpe saini, na ukiwa umeshafariki atawafuata watoto wako, waanze kufungua mirathi kwa ajili ya nyumba ambayo hela yake hawakuiona.

Njia yenyewe si ndefu kama inavyosemwa. Mteja anafanya upekuzi rasmi kwa Msajili, yaani kuangalia daftarini nyumba ni ya nani, kisha mnasaini mkataba wa mauzo mbele ya wakili. Zinajazwa Fomu ya Ardhi Na. 29, ambayo ni taarifa ya uhamisho, Na. 30 ya kuomba kibali, na Na. 35, ambayo ndiyo uhamisho wenyewe. Ambatanisha hati halisi, ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, stakabadhi za pango la ardhi, picha na nakala za vitambulisho. Majalada mengi hukwama kwa mambo mawili ya aibu: pango lenye malimbikizo ya miaka, na majina yasiyolingana, yaani hati ina majina mawili na kitambulisho cha NIDA kina matatu. La pili linatibika kwa hati ya kiapo. La kwanza ni kulipa tu, na lipa kabla hujatangaza nyumba, siyo mteja akiwa ameshakaa kwa wakili.

Kwa nyumba isiyopimwa, isiyo na hati, ushahidi wa mtaa na majirani wa mipakani una uzito wake. Hata hapo, mkataba uandikwe na wakili.

"Asilimia 10 ya mtaa ni ya kisheria." Hakuna sheria inayoipa serikali ya mtaa asilimia 10 ya bei ya nyumba yako. Watu huichanganya na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi mwenye vielelezo vya gharama zake ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei, na inalipwa TRA. Nyumba iliyokugharimu milioni 60 ukaiuza 95 ina faida ya milioni 35, kodi ni milioni 3.5. Ndiyo maana risiti za saruji, nondo na fundi hazitupwi. Na kama ni makazi yako mwenyewe, umeimiliki na kuishi humo miaka 3 au zaidi, faida isiyozidi milioni 15 haitozwi. Ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani ya nyumba, kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini, maana mkataba usio na stempu mahakama haiupokei kama ushahidi.

"Hati ina jina langu peke yangu, mke wangu haimhusu." Inamhusu. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59. Ridhaa iandikwe na isainiwe. Kusema "anajua" haitoshi.

"Mteja kaletwa na dalali, tutamalizana wenyewe." Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Kama ulimtuma na yeye ndiye aliyemleta, anakudai.

"Mgeni analipa vizuri kuliko mbongo." Kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake. Uliza uraia kabla ya bei.

Mwisho, hati halisi. Usimpe mteja "akaikague nyumbani". Mpe nakala kivuli, kata mstari katikati na uandike "kwa ajili ya upekuzi tu" pamoja na tarehe. Malipo yapite benki, na hati itoke mkononi mwako pale tu benki yenyewe itakapothibitisha kuwa fedha imeingia, kwa sababu ujumbe wa muamala kwenye simu ya mteja unaghushiwa kwa dakika mbili.