Dhana potofu kuhusu tochi za kichwani: lumeni, umbali na saa za betri

Wapandaji wengi wa Kilimanjaro huondoka kambi ya Barafu au Kibo karibu na saa sita usiku ili wafike Uhuru, mita 5,895, alfajiri au jua likiwa limeshachomoza. Kwa muda wote huo mikono imeshika fimbo na mwanga unatoka kwenye paji la uso. Mtu akienda kununua taa ya safari kama hii, swali la kwanza dukani ni moja: ina lumeni ngapi? Na muuzaji analijua swali hilo, kwa hiyo boksi limeandikwa namba kubwa kuliko kitu kingine chochote. Inauma kuona mtu ametoa pesa nzuri kwa namba isiyojibu anachokihitaji.

"Lumeni nyingi, basi inamulika mbali"

Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka kwenye taa. Haisemi mwanga huo unaelekea wapi. Ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja hupimwa kwa kandela, na mwanga unaotua juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Taa mbili za lumeni 300 zinaweza kutofautiana kabisa: moja imekusanya mwanga kwenye duara dogo na inafika mbali, nyingine imeutandaza mpaka pembeni na inaishia karibu. Lumeni ni zilezile.

Watengenezaji wengi hupima umbali kwa kufuata kiwango cha Marekani kiitwacho FL 1, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009. Kwa kiwango hicho, umbali wa taa unaishia pale mwanga unapofifia hadi luksi 0.25, yaani kiasi kinachokaribia mbalamwezi wakati wa mwezi mpevu. Taa ya kandela 2,500 inaandikwa mita 100. Kwa hiyo mita 100 ni mahali ambapo utaona umbo la mti au la mtu. Usitegemee kuona jiwe la kukanyaga. Ukitaka mwanga wa kutosha kukagua kitu, tuseme luksi 10, taa hiyohiyo inakupa mita 16 hivi.

Tena umbali hauongezeki kwa bei rahisi. Mwanga unafifia kwa mraba wa umbali, kwa hiyo kutoka mita 100 hadi mita 200 hazitoshi kandela 5,000. Zinatakiwa 10,000. Jicho nalo halihesabu kama mashine: lumeni 400 hazionekani kuwa mara mbili ya lumeni 200. Ukiziwasha taa hizo pamoja, tofauti utaiona, lakini ni ndogo kuliko namba zinavyokuahidi.

"Duara kali katikati ndiyo dalili ya taa nzuri"

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa sababu dukani taa hujaribiwa kwa kuelekezwa ukutani, na ukutani duara kali linapendeza. Njiani mambo ni mengine. Anayetembea usiku anahitaji kuona mita mbili hadi tano mbele ya miguu yake, pamoja na kingo za njia. Duara dogo lenye ukali sana hulifanya jicho lizoee mwanga mwingi, na kila kilicho nje ya duara kinaonekana cheusi tititi. Matokeo yake unageuza shingo kila baada ya hatua chache kutafuta kingo, na ikifika saa nane usiku shingo imeshachoka.

Jaribu hivi kabla ya kununua. Simama mita mbili kutoka kwenye ukuta mweupe, washa taa, kisha usiangalie katikati. Angalia mwanga unavyopungua kuelekea pembeni. Ukipungua polepole bila mpaka wa ghafla, hiyo inafaa kwa kutembea. Ukiona pete juu ya pete, nyingine ya njano na nyingine ya samawati, ujue pete hizo zitacheza mbele yako usiku kucha kila kichwa kinapotikisika. Zinatokana na jinsi LED nyeupe inavyotengenezwa: ndani yake mna chembe inayotoa mwanga wa bluu, na juu yake umepakwa unga unaogeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa njano. Vikichanganyika tunaona weupe. (Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014 kwa kuvumbua LED ya bluu. Bila hiyo, LED hizi nyeupe tunazovaa zisingekuwepo.) Mwanga unaopita kwenye unga huo kwa mshazari hutoka na njano zaidi kuliko unaopita moja kwa moja, na lenzi angavu sana huzitenganisha rangi hizo badala ya kuzichanganya. Lenzi yenye vijitundu au ukungu kidogo huzichanganya vizuri, hata kama inapunguza umbali.

Zile taa za kuvuta lenzi mbele na nyuma zinauzwa kwa wingi kwa sababu zinavutia machoni. Ukiivuta mpaka mwisho, inachora ukutani mraba wa chembe yenyewe, na sehemu kubwa ya mwanga inabaki ndani ya ganda bila kutoka. Kwa kutembea mimi nisingeichagua. Heri taa yenye lenzi mbili, moja ya mbali na moja ya karibu, zinazoweza kuwashwa pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo lumeni haziwezi kulitibu. Taa ya kichwani inamulika kutoka karibu kabisa na macho, kwa hiyo vivuli vya mawe vinajificha nyuma ya mawe yenyewe. Ardhi inaonekana bapa, na shimo halijitofautishi na doa. Kwenye njia mbaya, ivue taa uishike mkononi usawa wa kiuno. Vivuli vinarudi papo hapo, na unaona wapi pameinuka na wapi pamebonyea.

Dawa ya ukungu ni hiyohiyo. Watu huongeza mwanga, au huamini kwamba mwanga wa njano hupenya ukungu. Matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga, kwa hiyo hutawanya rangi zote karibu sawa. Kinachokuletea ukuta mweupe usoni ni taa kuwa karibu na macho. Punguza mwanga, na uishushe taa.

"Lumeni 400, saa 100"

Kila namba hapo inaweza kuwa kweli, ila si kwa wakati mmoja. Katika kiwango cha FL 1, lumeni hupimwa kati ya sekunde ya 30 na ya 120 baada ya kuwasha, taa ikiwa haijapata joto sana na betri ikiwa mpya. Saa nazo huhesabiwa mpaka mwanga ushuke hadi asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Taa ya lumeni 400 inayobakiza lumeni 45 bado inahesabiwa kuwa inawaka. Na mara nyingi saa 100 ni za kiwango cha chini kabisa, ambacho kinafaa kusoma ndani ya hema.

Hesabu ya kukulinda ni fupi. Betri tatu za AAA za kawaida, zile za rimoti, zina nishati ya takribani wati-saa 4 kwa pamoja. LED nzuri ndani ya taa hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati. Kwa hiyo una lumeni 400 kwa saa 1, au 100 kwa saa 4, au 65 kwa saa 6. Hizo 65, zikiwa zimetandazwa vizuri, zinamtosha mtu anayepanda polepole kuelekea kileleni. Atakayewasha 400 kuanzia saa sita usiku atakuwa anabadilisha betri gizani, vidole vimekufa ganzi.

Joto nalo lina sehemu yake. Taa ndogo haina mwili wa kulitawanya, na nyingi hujipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Ukitaka kuujua ukweli, weka simu yenye programu ya kupima luksi kwenye sakafu ya bafu, isimamishe taa ikielekea darini, zima taa ya umeme, kisha soma namba baada ya dakika 1, 10, 30 na 60. Kipimo cha simu si sahihi kama cha maabara, lakini kwa kulinganisha taa mbili kinatosha kabisa. Njia hiyo hukuonyesha pia taa isiyo na udhibiti, ambayo namba zake hushuka mfululizo tangu dakika ya kwanza.

"Betri ya 9,900 mAh"

Betri ya 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, na ndani ya ukubwa huo zile za kuaminika zina 3,500 mAh hivi (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inaweza kubeba). Inayoandikwa 9,900 ni uongo ulioandikwa kwa wino, na mara nyingi haina hata 2,000. Baridi pia inazidisha tatizo: betri za alkali hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake kwenye baridi kali. Zile za lithiamu zisizochajiwa hufanya kazi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, ila soma kwanza maelekezo ya taa yako, kwa kuwa baadhi ya taa hazizikubali. Za akiba zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

"Mweupe wa kibuluu ndio unaoona vizuri"

Unaonekana mkali, ndiyo. Lakini LED nyingi za Kelvini 6,500 (Kelvini hupima rangi ya mwanga: namba ikipanda, mwanga unakuwa wa kibuluu zaidi) huonyesha rangi vibaya, hasa nyekundu na kahawia. Damu kwenye bandeji inafifia, na udongo, mzizi na jani kavu vinafanana. Kwa anayehudumia mgonjwa au anayekagua samaki usiku, taa ya Kelvini 4,000 yenye CRI 90, yaani kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, ina maana kubwa kuliko lumeni 200 za ziada.

Taa nyekundu, ile ndogo ya pembeni, huyalinda macho yaliyokwisha kuzoea giza, na kuzoea huko huchukua nusu saa au zaidi. Inafanya hivyo ikiwa hafifu tu. Ukiiwasha kwa ukali nayo huharibu, na mistari myekundu ya ramani hupotea chini yake. Kambini, mnapoongea uso kwa uso, iwashe hiyo na uielekeze chini, usimmulike mwenzako machoni.