Kipaumbele cha prosesa ni nini, na kinasaidia gemu la kwenye kivinjari?

Kipaumbele cha prosesa ni daraja ambalo mfumo endeshi huipa kila kazi inayoendelea kwenye kompyuta, ili kazi zikizidi ijulikane ipi ihudumiwe kwanza. Kukipandisha hakuongezi kasi ya prosesa hata chembe. Hubadilisha zamu tu. Gemu likikwama kwa sababu antivirusi inakagua mafaili wakati huohuo, utaona nafuu. Likikwama likiwa peke yake, usitegemee mabadiliko.

Windows ina madaraja sita. Lile la juu kabisa liache kama lilivyo, kwa sababu kazi iliyowekwa huko inaweza kuzipita hata kazi za mfumo wenyewe, mpaka kipanya na kibodi vianze kuchelewa kuitika. Hatua moja juu ya kawaida inatosha.

Wengi hukwama kwenye kuchagua cha kupandisha, maana kivinjari hakiendeshwi kama kazi moja. Chrome hugawa vichupo, viendelezi na uchoraji katika michakato tofauti. Ukiwa ndani yake bonyeza Shift na Esc: itafunguka orodha, na mbele ya kichupo chenye gemu lako utaona namba ya mchakato. Itafute namba hiyohiyo katika Task Manager ya Windows (programu inayoonyesha kazi zote zinazoendelea), kwenye orodha yenye maelezo ya kila mchakato, kisha ubofye kulia na kubadilisha daraja. Ukifunga kichupo, mpangilio huo nao unapotea.

Mimi ningeanza na mpangilio wa umeme kabla ya haya yote. Gemu la fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 zinazofuatana, huipa prosesa takriban milisekunde 16.7 kumaliza kila fremu, na sehemu kubwa ya msimbo wa JavaScript, lugha inayoendesha magemu ya kivinjari, hupita kwenye kiini kimoja, yaani sehemu moja ya prosesa inayofanya kazi kivyake. Kuwa na viini vinane hakusaidii sana ikiwa hicho kimoja kimepunguzwa kasi ili kuokoa betri. Chomeka chaja, chagua hali ya utendaji wa juu, na uhakikishe kivinjari kinaruhusiwa kutumia kadi ya michoro, la sivyo prosesa itabebeshwa pia kazi ya kuchora.

Gemu likianza vizuri kisha likazorota baada ya muda, shuku joto: prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguza kasi yenyewe, na hapo dawa ni kusafisha feni na matundu ya hewa.