Mlo kamili: maana yake kwenye sinia la Lamu

Mlo kamili ni chakula ambacho, ukikihesabu kwa siku nzima, kinaupa mwili mahitaji yake yote kwa kiasi kinachoufaa: wanga wa kutia nguvu, protini ya kujenga mwili, mafuta, vitamini, madini, nyuzinyuzi na maji. Shuleni tulifundishwa makundi matatu, ya kutia nguvu, kujenga na kulinda mwili, na wengi wetu tuliishia hapo. Kwa hivyo tukiona wali, samaki na kachumbari vimeingia ukumbini tunajua mambo yametimia. Makundi yametimia kweli. Kinachotupiga chenga ni kiasi.

Litazame sinia la mchana katika nyumba nyingi za Lamu. Wali wa nazi umepakuliwa ukawa kichuguu. Juu yake kuna samaki tafi wa kupaka, kipande kwa kila mtu, na pembeni kibakuli kimoja cha kachumbari kinachozungukwa na mikono minne au mitano, kila mmoja akichota kidogo kama anavyochota achari. Wataalamu wa lishe wana kipimo chepesi ambacho hakihitaji mizani: nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo wanga, robo protini. Kwetu wanga hula robo tatu, na mboga inabaki kuwa kiungo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na vijiko viwili vya kachumbari havifiki hata karibu.

Hakuna anayesema wali uachwe. Mimi mwenyewe sitausema ubaya wali wa nazi. Ila bamia, mchicha, kisamvu na majani ya mronge vinastahili kupakuliwa kama chakula, si kama pambo, na kichuguu kipungue kwa kadiri hiyo.

Sababu yake iko tumboni. Wali mweupe humeng'enywa haraka ukawa sukari katika damu, na kongosho hutoa homoni ya insulini ili sukari hiyo iingie kwenye seli. Ukila wali mwingi peke yake, sukari hupanda kwa kasi. Nyuzinyuzi za mboga na kunde huichelewesha, na protini ya samaki husaidia kazi hiyo hiyo. Mtu anayekula wanga mtupu kila mchana, tena bila kutembea, anaongeza uzito na kujiweka karibu na kisukari. Ubongo nao una hisa yake hapa: ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia. Ule uzito wa kichwa baada ya sinia kubwa, mtu akashindwa hata kufuatilia hesabu za duka, una uhusiano na alichokila.

Asubuhi, jiko la pwani linajua zaidi kuliko tunavyolisifu. Mahamri na mbaazi za nazi ni ndoa nzuri. Protini ya nafaka ina upungufu wa lisini, mojawapo ya chembe ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, na jamii ya kunde ina lisini ya kutosha. Nafaka nayo huziba upungufu ulioko kwenye kunde. Kwa hivyo siku ambayo bei ya samaki imepanda, mbaazi, pojo na kunde si chakula cha kujiliwaza. Tatizo ni pale mtu anapomwambia muuzaji, "Mama, nipe mahamri matano, mbaazi tia kidogo tu." Angegeuza agizo lake.

Pembeni ya mahamri kuna chai. Kijiko kidogo cha sukari ni kama gramu 4. Anayetia vijiko vitatu kikombeni na kunywa vikombe vinne kwa siku amefikisha gramu 48, na kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu anayekula kalori 2,000 ni gramu 50, ikiwezekana nusu yake. Hapo bado hajaonja halua, kaimati wala juisi.

Chai ina jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Kemikali zinazoipa ukakasi huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, hasa yale yanayotoka kwenye mboga na kunde. Chuma kikipungua damu hupungua, na mtu huchoka, hukosa umakini na moyo humwenda mbio kwa kupanda ngazi tu. Wanawake wenye hedhi na wajawazito ndio walio hatarini zaidi. Dawa yake jikoni ni rahisi: kunywa chai saa moja au zaidi baada ya chakula, na kamulia ndimu kwenye mbaazi au mchicha, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Ndimu itiwe mwisho, kwa sababu moto huiharibu vitamini hiyo.

Nazi huulizwa kila mara. Mafuta yake mengi ni ya aina inayoganda, ambayo yakizidi hupandisha kolesteroli mbaya. Si sumu, lakini kutia tui zito kwenye wali, kwenye samaki na kwenye mboga, vyote katika mlo mmoja, ni kupitiliza. Chagua chungu kimoja. Chumvi ni hivyo hivyo: kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kisichojaa, na papa mkavu au ng'onda, samaki wa kukaushwa, huja na chumvi yake kabla hujagusa kopo la jikoni.

Sasa, chakula hakifanyi kazi peke yake. Misuli inapotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata bila kungoja insulini nyingi, ndiyo maana matembezi ya dakika 15 baada ya kula yana faida ya moja kwa moja. Lamu imejengwa kwa miguu. Vichochoro vya mitaa ya Mkomani na Langoni havipitishi gari, na kutoka mjini hadi Shela kwa njia ya ufuoni ni kama kilomita 3. Bodaboda zimeingia kisiwani, na anayepanda kila siku ameuza mazoezi yake kwa nauli. Usingizi nao: mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kahawa chungu ya barazani baada ya Isha hubaki mwilini kwa saa nyingi, kwa kuwa nusu ya kafeini, kemikali yake inayofukuza usingizi, huchukua kama saa 5 kutoka. Miraa ni nzito zaidi. Huondoa njaa na usingizi kwa pamoja, na kesho yake mtu hukasirikia hata paka. Baraza lenyewe lakini lisilaumiwe. Kukaa na watu ni sehemu ya afya.

Kuhusu akili, mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya jaribio la watu 67 wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kundi moja lilipewa ushauri wa lishe kwa wiki 12: mboga, matunda, kunde, samaki, nafaka isiyokobolewa. La pili lilipata mtu wa kuzungumza naye. Walioondokewa na sonona walikuwa asilimia 32 kwenye kundi la lishe, na asilimia 8 kwenye la pili. Jaribio lilikuwa dogo, na wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu, kwa hivyo mwenye sonona asiache dawa akaenda kununua samaki vibua.

Vipimo hivi vyote ni vya mtu mzima mwenye afya. Mjamzito, mtoto, mwenye presha na mwenye kisukari wana vyao, na hupangwa kliniki. Mwenye kisukari anayetaka kufunga Ramadhani amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa kuwa dozi na saa za dawa hubadilika kufuata daku na futari, na kuna wasiofaa kufunga kabisa.