Maswali na majibu: saa 72 haziwasubiri wazee wa ukoo

Nahudumia wakimbizi kwenye kituo cha afya kambini Nyarugusu, Kigoma. Haya ndiyo wazazi wanayoniuliza.

Eneo salama la wasichana ni nini?
Ni banda ambamo mabinti wa miaka 10 hadi 19 hukutana na mlezi mwanamke waliyemzoea, bila wanaume. Hushona, husukana nywele, huongea.

Si ndiko wanakofundishwa uhuni?
Mmeshaniuliza mara nyingi. Wanafundishwa hedhi, wanafundishwa kukataa, na nani wa kumwambia jambo likiwapata. Vitambaa vya hedhi wanaambiwa wavianike juani, maana wengi huvificha chini ya godoro vikiwa bado vibichi. Tena binti anayejua majina ya viungo vyake hutuambia alipoumizwa. Asiyejua hushika tumbo tu na kulia.

Akibakwa, tusubiri wazee wakae kwanza?
Hapana. Dawa za kuzuia VVU zinaanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita zinapungua nguvu. Humezwa siku 28. Za kuzuia mimba, mwisho ni saa 120.

Binti mmoja alikamatwa akabakwa Jumapili jioni akitoka kutafuta kuni. Wazee wakakaa Jumatatu, wakakaa Jumanne, wakibishana juu ya faini. Alhamisi asubuhi ndipo mama akamleta, khanga imefuliwa na kupigwa pasi. Dawa za mimba tuliwahi. Za VVU, muda ulikuwa umekwisha.

Lakini aibu?
Atibiwe kwanza. Anayoyasema chumbani kwetu hatuyapeleki kwenye foleni ya maji.

Aoge kabla ya kuja?
Asioge, na nguo zisifuliwe. Zifungeni kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki. Ameshaoga? Mleteni hivyo hivyo.

Twende polisi kwanza?
Njooni kwetu kwanza. Polisi mtakwenda akishameza dawa.

Na wazee je?
Wakae wakitaka, binti akiwa tayari kwetu. Nasema tena: wasikae kabla.

Saa 72 zimeshapita, tuache tu?
Msiache. Bado kuna tiba ya magonjwa ya zinaa, chanjo ya homa ya ini B, kipimo cha mimba, na mtu wa kumsikiliza. Hata ikiwa saa nane usiku, gongeni wodi ya uzazi, muuguzi yupo.