Huria si bure: kuhusu programu za kuandika na kusema kwa macho

Wiki iliyopita, kwenye kundi la michango ya ukoo wetu, ndugu mmoja aliuliza swali ambalo bado limenikaa kichwani. Tulikuwa tunachangia kamera ya kufuatilia macho kwa ajili ya mjomba. Ugonjwa wa neva za misuli umemmaliza mikono, miguu na ulimi, na kilichobaki kumtii ni macho. Ndugu yule akaandika: "Si mlisema hiyo programu ni ya bure? Sasa hela ya nini tena?" Dakika chache baadaye watu wengine watatu walikuwa wameweka dole gumba chini ya ujumbe wake.

Sikumlaumu. Sisi ndio tuliotangaza "programu ya bure", kama wanavyotangaza watu redioni na kwenye semina. Nimelisikia neno hilo mara nyingi mno likiwekwa mahali pasipo pake, na safari hii limetugharimu wiki nzima ya maelezo.

Kwanza maana yenyewe, kwa kifupi. Programu ya kuongoza kompyuta kwa macho hupokea taarifa ya mahali jicho linapotazama kwenye skrini na kuitumia badala ya kipanya na kibodi. Kamera nyembamba inayokaa chini ya skrini humulika macho kwa mwanga usioonekana, hupima mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, ikiulinganisha na mboni, kisha hukokotoa jicho limeelekea wapi. Ukiikazia macho herufi moja kwa muda uliopangwa, sekunde moja hivi, inahesabika umeibonyeza. Sentensi ikikamilika unatazama kitufe cha kusema, na sauti ya kompyuta inaisoma. Haisomi mawazo. Wala si programu ya kuwasomea wasioona, ingawa watu huzichanganya kila siku.

Mojawapo ya programu hizo ni OptiKey, iliyotengenezwa na Julius Sweetland wa Uingereza na kutolewa kwa umma mwaka 2015. Inafanya kazi kwenye Windows, na hailipiwi. Lakini kutolipiwa huko ni tokeo tu. Jina la kile Sweetland alichokifanya ni "huria", na hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Kiingereza kina neno moja, "free", linalobeba maana mbili: kisicho na bei, na kisichofungwa. Ndiyo maana Richard Stallman, aliyetangaza mradi wake wa programu huria mwaka 1983, amelazimika kwa miongo kadhaa kuwaeleza wenzake kwamba haongelei bei. Sisi hatuna tatizo hilo. Tumerithi maneno mawili, kila moja na ukoo wake. Inaniuma kuona tunauchukua mkanganyiko wa watu wengine na kuuleta nyumbani, wakati lugha yetu ilikwisha kuutatua.

Tazama "bure" lilivyo. Ni kisicholipiwa, sawa. Lakini pia ni kisichofaa kitu: kujisumbua bure, maneno ya bure, nimekwenda bure nimerudi bure. Ukimwambia mtu "bure kabisa", umemtukana. Neno hili limebeba harufu ya kutothaminiwa, na harufu hiyo huifuata kila bidhaa tunayoibandika. Shangazi alipoambiwa mjomba ataletewa "programu ya bure", jambo la kwanza aliloliuliza ni kama haitakuwa imeharibika. Na kwa fundi wa kompyuta mtaani, "ya bure" mara nyingi ni ile iliyokrakiwa, ambayo ni mali ya mtu iliyochukuliwa bila ridhaa yake.

"Huru" limetoka mbali. Ni Kiarabu, "hurr", mtu asiyemilikiwa na mwingine. Pwani yetu neno hilo halikuwa la mashairi tu. Lilikuwa hadhi ya mtu mbele ya sheria. Unguja, mwaka 1897, hadhi ya utumwa ilipofutwa kisheria, aliyekuwa mali ya bwana aliweza kudai kuwa huru. Hakuna aliyesema amekuwa bure. Mtu huru ni heshima, mtu bure ni tusi, na kila anayeongea Kiswahili analijua hilo bila kufundishwa. Kutoka mzizi uleule tukapata "uhuru" na "huria".

"Huria" ndilo linalotuhusu hapa. Tunalitumia kwenye soko huria, ambako bidhaa zinauzwa, tena kwa bei kali. Tunalitumia kwenye Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanafunzi wake wanalipa ada. Chuo ni huria kwa sababu hakikufungi kwenye bweni na ratiba moja. Basi na programu huria ni hivyohivyo: haimfungi mtumiaji. Unaruhusiwa kuitumia kwa kazi yoyote, kufungua msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo mtengenezaji aliyaandika, ukaona inavyofanya kazi, kuirekebisha, kuinakili, na kumgawia mwingine pamoja na marekebisho yako. Ukitaka kuiuza, uza. OptiKey iko chini ya leseni ya GPL, inayoongeza sharti: ukiigawa, hata uliyoirekebisha, mpe unayemgawia haki zilezile ulizopewa wewe.

Kwa upande wa pili kuna za bure zisizo huria. Tangu mwaka 2017 Windows 10 ina uwezo wa kuongozwa kwa macho, na hulipii nyongeza. iPhone nazo zilipata uwezo kama huo mwaka 2024. Ni mambo mazuri, na ninayashukuru. Lakini kampuni ikiamua kesho kuuondoa au kuubadilisha, mtumiaji hana la kufanya. Hawezi hata kufungua kuona kimeharibika nini.

Mtu mwenye mikono atasema haya ni mabishano ya majina. Kwake yeye programu ikifa anapakua nyingine. Kwa mjomba programu hii ni mdomo wake, na suala la nani anaumiliki mdomo wako haliwezi kuwa la majina.

Mfano ninaoujua vizuri ni wa Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza aliyepooza na kusema kupitia kompyuta. (Wengi husema aliandika kwa macho. Sivyo: miaka ya mwisho alitumia msuli wa shavu, uliosomwa na kihisi kilichofungwa kwenye miwani.) Sauti yake ile ya kimashine iliyojulikana dunia nzima ilitoka kwenye kadi iitwayo CallText 5010, ya miaka ya 1980. Baadaye zilikuja sauti laini zaidi, akazikataa. Ile ilikwisha kuwa yeye. Kampuni iliyotengeneza kadi hizo ikauzwa, kadi zikazeeka, na programu iliyokuwa ndani yake haikuwa mali ya Hawking. Ilibidi wahandisi huko California wahangaike kwa muda mrefu, wakiziiga chipu za kadi ile moja baada ya nyingine, mpaka mapema mwaka 2018 sauti yake ikaweza kutoka kwenye kompyuta ndogo ya kisasa. Alifariki mwezi Machi mwaka huohuo. Huyo ni mwanasayansi maarufu kuliko wote wa zama zake, na sauti yake ilikuwa imefungiwa ndani ya kisanduku cha mtu mwingine.

Ile programu ya kuandikia aliyotengenezewa na kampuni ya Intel ilikuwa na bahati tofauti. Mwaka 2015 Intel waliitoa kwa umma pamoja na msimbo wake, kwa jina la ACAT. Hiyo ni huria.

Sasa nirudi nyumbani. Kabla ya mchango, familia moja ilituazima kamera yao kwa siku nne. Kwanza ilibidi mjomba aifundishe kamera macho yake kwa kufuata nukta inayohama kwenye skrini. Mchana ilishindikana, kwa sababu jua la dirishani lilikuwa linaivuruga. Tukavuta pazia, tukarudia. Halafu akaanza: f, u, n, g, a. Juu ya kila herufi aliyoikazia, alama iliyoonyesha muda ilijaa taratibu mpaka ikakamilika, na chumba kizima tulikuwa tumeshika pumzi kama tunaosubiri penalti. Ilimchukua zaidi ya dakika mbili kufikia "funga mlango". Akatazama kitufe cha kusema. Sauti ikaisoma kwa matamshi ya Kiingereza, tukatazamana, hakuna aliyeelewa. Shangazi akainama kusoma skrini, akanyanyuka akaenda kufunga mlango. Ilikuwa amri ya kwanza ambayo mjomba ametoa katika nyumba yake kwa miezi saba.

Shida ya pili ilijitokeza kesho yake. Programu hizi humrahisishia mwandishi kazi kwa kukisia neno. Mjomba alipoandika "nita", ikamletea maneno ya Kiingereza. Hata tukiipa orodha ya maneno ya Kiswahili, kitenzi chetu kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja: naumwa, nimeumwa, kinaniuma, hakiniumi, kitaniuma. Orodha iliyopangwa kwa desturi ya Kiingereza haitoshi. Inatakiwa kukisia vipande, si maneno mazima.

Kama programu ni ya bure tu, hapo umefika mwisho. Unamwandikia mwenyewe barua, unasubiri, na pengine soko la Kiswahili halimshughulishi. Ikiwa huria, kuna mlango. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazoongea Kiswahili, bila kusubiri kampuni yoyote iwaone wateja huku. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hata sauti ipo: eSpeak, ambayo nayo ni huria, ina Kiswahili. Ni ya kimashine, haina utamu, lakini inatamka "mlango" kama mlango na inaweza kuwekwa kwenye Windows. Mpwa wangu anayesoma kompyuta ameanza kuhangaika na ile orodha ya maneno. Sijui atafika wapi, ila hakuna aliyehitaji kumpa ruhusa.

Nimjibu sasa yule ndugu, maana aliuliza kwa haki. Hela ni ya kamera. Kamera ni kitu cha kushikika, kina kiwanda na meli na ushuru, na uhuria wa programu hauigusi bei yake. Inawezekana hata kamera iwe huria: mwaka 2009 huko Los Angeles, marafiki wa mchoraji wa ukutani aitwaye Tempt One, aliyepooza kwa ugonjwa kama wa mjomba, walimtengenezea miwani ya kufuatilia macho kwa kamera ya bei ndogo ya michezo ya PlayStation. Walichapisha michoro na msimbo ili yeyote aweze kutengeneza yake, na mchoraji akachora tena kutoka kitandani hospitalini. Lakini hata wao kamera waliinunua.

Kwa hiyo nimekwenda kulirekebisha tangazo letu kwenye kundi. Palipoandikwa "programu ya bure kwa walemavu" sasa pameandikwa "programu huria ya kuandika na kusema kwa macho, kwa ajili ya mjomba, programu hailipiwi, kamera inalipiwa." Ukilituma kwenye kundi jingine, naomba usilifupishe kwa kurudisha "ya bure". Neno "huria" liache lilivyo, na atakayeuliza maana yake mweleze.